Usiung'oe ua wa kayaba kabla ya kuonja tunda lake

Msomaji, ukishuka matatu pale Juja ukashika njia ya kuelekea mashambani, huenda ukaona boma lililozungukwa na ua wa miiba mirefu kama kidole. Hiyo ndiyo kayaba. Wengi wetu tunaijua kama ua tu. Watoto ndio wanaojua kwamba ina matunda, nao hufukuzwa wasije wakadungwa.

Siku hizi wapenzi wa kilimo wanatafuta matunda yasiyo ya kawaida, na wengi wanakimbilia pitaya, lile tunda jekundu lenye magamba. Sina ugomvi na pitaya. Ninachouliza ni hiki: je, umekwisha kuonja lililo uani?

Kayaba nayo ilikuja kama mgeni. Kwao ni Afrika Kusini, na jina lake limetokana na mto Kei. Waingereza waliliita tunda hilo tufaha la Kei, na ndimi za wenyeji wetu zikaligeuza kuwa kayaba. Hata Nairobi kuna kitongoji kiitwacho Mukuru Kayaba.

Tunda lenyewe ni la mviringo, rangi ya manjano, lenye ukubwa wa ndimu ndogo. Lina vitamini C kwa wingi, na lina uchachu wa kukukunja uso! Kwa hiyo usilile likiwa gumu. Subiri liive hadi lilainike, ulikate vipande viwili, utoe mbegu, unyunyize sukari na kuliacha usiku kucha. Jemu yake ni rahisi kwa sababu huganda bila kuongezewa kitu. Chemsha matunda kwa maji kidogo, yaponde na kuyachuja, kisha kwa kila kikombe cha rojo tia kikombe cha sukari. Koroga motoni mpaka tone lake ligande juu ya sahani baridi. Kwa chapati, mimi naipenda kuliko jemu ya dukani.

Labda utasema ua wa kwenu haujawahi kuzaa. Kwa kawaida kayaba ina miti dume na miti jike, na jike huhitaji dume karibu ili izae. Tena ua unaokatwa kila mara hauna nafasi ya kutoa matunda. Acha miti michache ikue itakavyo. Ukipanda mbegu, panda nyingi, maana hutajua jinsia mpaka mti utoe maua, na hilo huchukua miaka 4 au 5. Mti huu huvumilia ukame lakini hautaki maji yaliyotuama, kwa hivyo kwenye udongo mweusi wa Juja upande juu ya tuta.

Shida ni kwamba nyua hizi zinatoweka. Tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika kupanuliwa mwaka 2012, mashamba mengi yamekatwakatwa kuwa ploti, hosteli za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta zimezidi kuongezeka, na penye kayaba sasa kunajengwa ukuta wa mawe. Ukisikia kwamba jirani ameita tingatinga, muombe ruhusa mapema, uvae glavu nzito na uchukue kikapu. Matunda yapeleke jikoni, mbegu uzipande kwenye mkebe. Na kama jemu ya kwanza itakutia meno ganzi, ongeza sukari.