Maua Yatanguliayo Mvua

Sisi wa Visiwani hatuna desturi ya kulitazama ua kwa kutafuta faraja. Ua kwetu ni pambo, au ni mali. Yasmini huenda kichwani kwa bibi harusi, kilua hufichwa ndani ya kanga zilizokunjwa, na karafuu, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa Pemba, huchumwa ingali tumba. Ikishafunguka ikawa ua kamili, mwenye shamba husikitika, maana thamani yake imeshapungua. Kwa hivyo mtu aliyekulia chini ya mikarafuu akiambiwa kwamba wako wananchi wenziwe ambao huliona ua la kwanza la mwaka wakashukuru kama waliopokea barua ya mzazi aliye safarini, huenda akadhani anatiliwa chumvi. Nami nilidhani hivyo, mpaka kazi ya Chama iliponifikisha Kasulu na Kibondo mwishoni mwa kiangazi.

Yafaa kwanza nimweleze msomaji asiyepafahamu mahali penyewe. Kasulu na Kibondo zimo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, kando ya mpaka wa Burundi, nchi ya Waha, ambayo sehemu yake kubwa iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Zamani zilikuwa wilaya kubwa mno. Mwaka 2012 Buhigwe ilikatwa kutoka Kasulu, na Kakonko ikakatwa kutoka Kibondo. Huko hakuna masika na vuli kama tuzijuavyo sisi wa pwani. Mvua huanza Oktoba au Novemba, ikaendelea hadi Aprili au Mei, kisha mbingu hufungwa. Kuanzia Juni nyasi hukauka, mioto hutambaa vilimani usiku, vumbi jekundu hukaa juu ya kila kitu, hata juu ya chai. Ifikapo Septemba maghala yameanza kupungua, na gunia linalobaki pembeni haliguswi, kwa kuwa ndilo mbegu.

Basi katika mwezi huo huo, ilhali ardhi imekauka kama kigae na hakuna wingu, miti ya miombo hufanya jambo ambalo nisingelisadiki bila ya kuliona. Hutoa majani mapya. Tena si ya kijani, bali ya rangi ya shaba na ya damu ya mzee, hata mgeni akitazama kutoka mbali hudhani msitu unaungua. Mninga huchanua maua ya manjano yenye harufu tamu, na nyuki hujaa. Mti mwingine, ambao majirani wa Burundi na Rwanda huuita umurinzi, yaani mlinzi, husimama uchi pasipo majani huku matawi yake yakiwaka maua mekundu. Na karibu na matone ya mwanzo, pengine kabla yake, hutoka ardhini ua jekundu la mviringo, kubwa kuliko ngumi, limesimama juu ya bua moja, aghalabu halina jani.

Ua hilo la mwisho ndilo lililonikutanisha na mzee mmoja, katekista wa kigango cha Kikatoliki katika Wilaya ya Kasulu. Nilimkuta asubuhi nje ya kanisa lake la matofali mabichi, amezungukwa na watoto wa mafundisho, wote wamechuchumaa. Nilidhani wameona nyoka. Kumbe walikuwa wakilitazama ua. Mzee hakulikata kulipeleka altareni, ijapokuwa Oktoba kwa Wakatoliki ni mwezi wa Rozari na altare hupambwa. Aliwauliza watoto swali moja tu: nani amelinywesha maji?

Nilipokuwa chuoni kwa mwalimu wangu wa Kurani, tulifundishwa aya ya 39 ya Sura ya 41, isemayo juu ya ardhi iliyonyongʼonyea, kisha maji yakaiteremkia nayo ikasisimka na kuumuka, na kwamba aliyeihuisha hiyo ndiye awezaye kuwahuisha wafu. Kwa hivyo nilijiona ninalo jibu, nikamwambia katekista kwamba hata sisi tunaijua ishara hii. Mzee akacheka kwa adabu. Akaniambia, “Mwanangu, wewe umesema mvua kwanza, kisha uhai. Tazama juu. Mvua iko wapi?”

Sikuwa na la kumjibu. Baadaye ofisa mmoja wa misitu alinifafanulia kwamba mizizi ya miombo huzama mbali sana, na kwamba mti huweka akiba ya maji katika shina lake, ndiyo maana huweza kuchipua kabla ya mawingu. Na lile ua jekundu lina tunguu chini ya udongo, mfano wa kitunguu, ambalo hujaza akiba yake wakati wa mvua za mwaka uliopita. Nikaona kwamba mimi na katekista hatukugombana. Mvua ilikuwa imekwisha kuteremka, ila ni ile ambayo watu wameisahau.

Hapa ndipo penye kiini cha faraja ya Wakristo wa Buha, nami nataka niieleze kwa haki kwa sababu nimesikia ikidharauliwa. Wamisionari waliowaletea dini yao walitoka katika nchi za baridi. Mapadre Weupe waliwasili Ujiji mwaka 1879. Waanglikana nao walienea vilimani, hata mwaka 1966 ikaundwa Dayosisi ya Western Tanganyika yenye makao Kasulu, askofu wake wa kwanza akiwa Musa Kahurananga. Wote hao walikuja na kalenda ambamo Pasaka huangukia majira ya kuchipua, theluji ikiyeyuka na maua ya kwanza yakitokeza, hata mtoto wa Ulaya huelewa ufufuko kwa kuchungulia dirishani. Katika Kasulu Pasaka huja Machi au Aprili, nyasi zimempita mtu kimo, mahindi yamezaa, matope yamejaa njiani. Hakuna kilichokufa ili kifufuke! Kilichokufa huonekana Agosti. Waumini wa huko, bighairi ya kufundishwa na mtu, wameihamisha ishara hiyo wakaiweka mwezi wake unaostahiki, mbali na Pasaka, katika wakati wa vumbi na maghala mepesi. Tena wameigeuza maana kidogo. Ua la Ulaya humwambia mtu kwamba baridi imekwisha. Ua la Buha humwambia kwamba kiangazi bado hakijakwisha, lakini lisiloonekana limekwisha kuanza kazi.

Na umurinzi huo mwekundu haukuanza kuheshimiwa na Wakristo. Katika dini za jadi za Burundi na Rwanda, zile za Kiranga na Ryangombe, ulikuwa mti mtakatifu. Wazee wa Kasulu walinionyesha mahame kwa kuutumia: palipo na mti huo umesimama peke yake mbugani, walisema, aghalabu palikuwa na mji wa mtu kabla ya Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, wananchi walipohamishiwa vijijini. Mzee mmoja alinyoosha mkono kuelekea doa jekundu upande wa pili wa bonde akasema, pale ndipo alipozikwa babangu. Hakusema zaidi, nami sikumuuliza zaidi, ingawa mimi ni mtu wa Chama na pengine ilinipasa kuuliza.

Sasa nirudi kwenye hiyo dharau. Katika mazungumzo ya jioni, ofisa mmoja mwenzangu, kijana msomi na mchapakazi, alisema kwamba faraja ya namna hii huwalaza watu. Akaikumbusha Injili ya Mathayo, sura ya 6, ambamo Nabii Isa, anayeitwa Yesu na Wakristo, huwaelekeza wafuasi wake wayatazame maua ya mashambani, yanavyovikwa pasipo kufanya kazi wala kusokota. Mkulima akiambiwa hivyo, alisema, ataiweka chini jembe lake angoje kuvikwa.

Siku ya pili nilimpeleka kwa katekista, nikamwachia mzee ajibu. Mzee hakujibu kwa maneno. Alichukua fimbo, akafukua taratibu pembeni mwa ua mpaka likaonekana tunguu lake, nene, jeupe, limejaa kama titi la mama anyonyeshaye, kisha akalifunika tena kwa uangalifu. “Kazi lilishafanya,” akasema, “mwaka jana, mvua ilipokuwapo. Wewe umelikuta siku ya sikukuu yake.” Halafu akatutembeza mashambani. Matuta yalikuwa tayari, magugu yamechomwa, mbolea ya ngʼombe imetandazwa. Ua la kwanza likionekana, mkulima ambaye hajalima huona haya mbele ya jirani yake. Kijana wetu, nami namsifu kwa hilo, aliomba radhi hapo hapo.

Kama kuna waliolala, si wakulima. Katika kijiji kimoja nilichokaa msimu uliotangulia, mbegu bora na mbolea vilifika wakati mahindi ya kwanza yamefika magotini. Sitaitaja ofisi iliyohusika. Wahusika wanajijua, na ninaamini wanasoma magazeti. Walieleza kwamba walikuwa wakisubiri mvua itengemae. Mbolea ya kupandia ni ya kupandia. Iliyofika baada ya kupanda ni mzigo wa ghala. Nchi ambayo miti yake hutangulia mvua kwa majuma kadhaa haiwezi kuhudumiwa na karatasi zinazoifuata mvua kwa mwezi.

Liko na jambo la moto. Moto uwashwao mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na umaji, hupita kwa upole. Moto wa Septemba, nyasi zikiwa kavu kama karatasi, huunguza machipukizi yale yale mekundu niliyoyataja, na maua, na chakula cha nyuki, ilhali asali ni tegemeo la kaya nyingi za Kibondo. Pamoja na hayo kuna shoka. Wilaya hizi zimewapokea wakimbizi kwa miongo mingi: Nyarugusu, katika Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, na mwaka 2015, Warundi walipomiminika, idadi ya watu kambini ilipita 150,000, mwaka huo huo Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena, na Mtendeli ya Kakonko ikapokea watu mwaka 2016 hadi ilipofungwa 2021. Watu wengi kiasi hicho wakipika kwa kuni, msitu hurudi nyuma. Wenyeji hunungʼunika, na manungʼuniko yao yana msingi. Lakini ni wenyeji hao hao waliogawana nao visima na makanisa.

Tarehe 2 Novemba, siku ambayo Wakatoliki huwaombea marehemu wao, nilifuatana na umati hadi makaburini, pembeni mwa kijiji. Miongoni mwao alikuwapo mama mmoja wa Kirundi, aliyemzika mtoto wake huko miaka kadhaa iliyopita. Juu ya kaburi dogo lisilo na saruji yalikuwa yamesimama yale maua mekundu ya mviringo. Nilimpa pole, nikasema, kwa kutaka kumliwaza, kwamba amepanda kitu kizuri.

“Sikuyapanda mimi, baba,” akanijibu. “Nakuja kuyahesabu tu. Mwaka jana yalikuwa mawili. Mwaka huu ni matatu.”

Alipiga magoti akangʼoa nyasi kavu kuyazunguka, kwa kidole kimoja kimoja, asije akayakata. Kisha akaimba pamoja na wenziwe. Nimehudhuria hitima nyingi katika maisha yangu, na nimesikia mawaidha mengi juu ya subira, baadhi yake kutoka kwa wanavyuoni ninaowaheshimu mno. Sikumbuki niliposikia hesabu fupi kama ile ikibeba mzigo mkubwa kama ule. Hakudai kwamba ua limemrudishia mtoto. Alichukua kile kilichoongezeka, akakisema.

Kahawa ya Manyovu na milima ya jirani ilikuwa bado haijachanua. Huo huchanua baada ya mvua ya kwanza, kiasi cha juma moja au siku kumi, mashamba yakawa meupe kwa wakati mmoja na harufu yake ikafanana na ya yasmini yetu; mwenye kwenda huko asikose kuiona. Mimi sikuijaliwa, kwa kuwa ratiba yangu ilikuwa imebakiza siku mbili, nami nilikuwa nimeitisha mkutano wa hadhara saa nane mchana, viti vimepangwa chini ya mwembe na spika imefungwa.

Saa saba wingu lilipanda kutoka upande wa Burundi, zito na jeusi. Matone yakaanza, makubwa, yakirusha vumbi, na mara ikawa mvua ya kweli. Nilimtafuta katekista ili tujue la kufanya juu ya mkutano. Alikwisha kuondoka. Saa nane mimi na ofisa mwenzangu tulikuwa tumesimama chini ya paa la kigango, viatu mkononi, viti vyote vitupu mbele yetu, na kuanzia barabarani hadi ukingo wa bonde watu wameinama katika matuta, wanaume kwa wanawake na watoto wa mafundisho nyuma yao, wakipanda maharage.