Fedha haiachani na salfa

Cheni ya fedha haigeuki nyeusi kwa siku moja. Kwanza viungo vyake hupata umanjano hafifu, kisha hudhurungi, pengine na samawati inayong'aa, na mwisho weusi mtupu. Wengi wakifika hapo hurudi kwa sonara wakidai wameuziwa bandia. Mara nyingi sonara anaonewa. Fedha halisi hugeuka nyeusi, ilhali chuma cha pua kinachouzwa kwa jina lake hubaki kikimeremeta miaka nenda miaka rudi.

Kinachotokea ni hiki. Fedha huvutwa sana na salfa. Hewani kukiwa na hidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza, atomu za fedha zilizo juu kabisa hushikana na salfa, oksijeni ikisaidia, na kufanya utando wa salfaidi ya fedha. Utando ukiwa bado mwembamba, mwanga unaorudi kutoka juu yake huingiliana na ule unaorudi kutoka chini yake, ndipo jicho linaona manjano au samawati. Ukinenepa, mwanga unamezwa, weusi unabaki. Gesi inayohitajika ni kidogo mno. Hata sehemu moja katika bilioni ya hewa, kiasi ambacho pua za wengi hazikinusi, huichafua pete polepole.

Kwa mtu wa mji wetu wa Goma, mshukiwa wa kwanza ni mlima wa volkano wa Nyiragongo. Na ana haki ya kuushuku. Nyiragongo ilimwaga lava tarehe 17 Januari 2002, ikapasua katikati ya mji hadi ziwani, kisha ikamwaga tena tarehe 22 Mei 2021. Lakini gesi ya salfa inayotoka kwa wingi katika kreta yake ni dioksidi ya salfa, ile inayokereketa koo. Hiyo huunguza mimea, hula mabati na kuumiza mapafu, ila fedha huistahimili vizuri.

Mshukiwa wa pili ni ziwa. Vilindini mwa Kivu kuna methani takriban kilomita za ujazo 60, kaboni dioksidi takriban 300, na ndani yake hidrojeni salfaidi pia. Ng'ambo ya pili, Karongi nchini Rwanda, mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 unalazimika kuiosha kwanza gesi ya ziwa kabla ya kuichoma. Hata hivyo salfaidi hiyo imefungiwa chini ya maji mazito, na ile inayopanda huishia katika maji ya juu yenye oksijeni, kabla haijafika hewani.

Kwa hiyo mhalifu tumtafute nyumbani. Shimo la choo ndilo la kwanza, maana katika mwamba wa lava ni kazi kubwa kuchimba kina, na viwanja ni vidogo, choo na chumba cha kulala hukaribiana. Kuna mayai na vitunguu jikoni, kuna mpira na nguo za sufu kabatini, kuna jasho la mwili. Pete iliyofungwa pamoja na bendi za mpira katika kisanduku kizuri hugeuka nyeusi upesi kuliko ile inayovaliwa kila siku, kwa kuwa kidole huisugua kila wakati. Anayetaka kuhifadhi cheni yake aifute ikauke kabisa, aitie katika kifuko kidogo cha plastiki, akamue hewa yote, afunge.

Sasa kuisafisha. Kuna wanaotumia majivu, dawa ya meno, hata mchanga mweusi wa lava. Tafadhali mchanga huo uache barabarani. Fedha ni laini, na vumbi la lava limejaa kioo na madini magumu kuliko yenyewe. Kila ukisugua unachora mikwaruzo na kuondoka na fedha kidogo. Ndimu nayo huondoa uchafu wa shaba iliyochanganywa ndani ya pete, lakini salfaidi ya fedha ni miongoni mwa vitu vigumu kabisa kuyeyuka, na ndimu haiiwezi.

Njia bora ni rahisi na inastaajabisha. Tandika karatasi ya alumini ndani ya bakuli, upande unaong'aa au usiong'aa, haidhuru. Kama huna karatasi, kipande cha sufuria kuukuu ya alumini kinafaa, mradi ukisugue kwanza hadi king'ae. Weka cheni juu yake, iguse alumini. Nyunyiza kijiko cha bikarbonati, ile ya kulainishia maharage, na chumvi kidogo, kisha mimina maji ya moto hadi izame. Utaona viputo, utasikia harufu ya yai viza ikipanda kutoka bakulini, na baada ya dakika chache weusi unahama viungoni. Geuza cheni, subiri tena, suuza kwa maji safi, kausha kwa kitambaa cha pamba.

Harufu hiyo ndiyo salfa ikiondoka. Alumini hutoa elektroni zake kwa urahisi kuliko fedha. Pale vitu viwili vinapogusana elektroni hupita, zikaifikia fedha iliyofungwa na salfa, na fedha ikarudi kuwa metali palepale ilipokuwa. Anayesugua hupoteza safu ya fedha kila mara, anayetumia alumini hurudishiwa iliyo yake. Usiingize humo lulu, feruzi, wala jiwe lililogandishwa kwa gundi. Na kama ni pambo la kale la Pwani au la Omani, ambalo fundi aliacha weusi ndani ya nakshi makusudi ili mchoro uonekane, liache lilivyo.

Wanunuzi huuliza pia kuhusu alama ya 925. Maana yake ni kwamba katika sehemu 1,000 za uzito, 925 ni fedha, na zilizobaki kwa kawaida ni shaba ya kuipa ugumu, kwa sababu fedha tupu hujipinda. Kidole kikigeuka kijani, shaba inahusika. Sumaku ikiivuta cheni kwa nguvu, si fedha, ingawa kutovutwa hakuthibitishi kitu: kuna mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli unaong'aa vizuri na hauna hata chembe ya fedha ndani yake.

Sarafu nazo zina masharti yake. Katika Dola Huru la Kongo zilipigwa faranga 5 za fedha zenye sura ya Mfalme Leopold II, kuanzia mwaka 1887, gramu 25 kila moja, sehemu 900 kwa 1,000 zikiwa fedha. Ni sarafu zenye historia ya maumivu, na kwa sababu hiyohiyo zinastahili kutunzwa. Aliyerithi sarafu ya namna hiyo asiisafishe kwa lolote. Wakusanyaji huilipia zaidi ikiwa na weusi wake wa miaka, na ikishang'arishwa thamani yake hushuka.

Zaidi ya nusu ya fedha inayotumika duniani siku hizi haiendi kwa sonara wala kwa wapiga sarafu, inakwenda viwandani. Hakuna metali inayopitisha umeme vizuri kuiliko. Tazama paneli ya sola juu ya paa lolote la mitaa yetu ya Himbi au Ndosho: ile mistari myembamba inayokatiza seli zake ni fedha, na kazi yake ni kukusanya umeme uliozaliwa na jua.

Lakini jambo linalonigusa zaidi, kwa mji kama huu, ni fedha na vijidudu. Mwaka 1893 ulichapishwa utafiti wa mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Carl von Nägeli, aliyeonyesha kwamba fedha kidogo mno ikiyeyuka majini inatosha kuua mwani. Sababu ni ileile inayoigeuza pete nyeusi kabatini. Protini za viumbe hai zina salfa ndani yake. Ioni ya fedha ikiingia katika bakteria huishika salfa ya vimeng'enya vyake, vimeng'enya vikapinda na kuacha kazi, na bakteria hawezi tena kupumua wala kuzaana.

Hapo ndipo mtu huuliza: kwa nini basi tusitupe pete ndani ya bidoni la maji na kukisahau kipindupindu? Goma inakijua kipindupindu kwa jina na kwa makaburi. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojazana katika kambi za Kibumba, Katale na Mugunga juu ya mwamba usiochimbika choo wala kaburi, karibu watu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kuhara. Hadi leo familia nyingi huchota maji ziwani moja kwa moja. Jibu langu ni hapana, bila kusitasita. Pete hutoa ioni kidogo na polepole. Fedha huhitaji masaa, na nguvu yake hupungua maji yakiwa na matope au chumvi. Klorini inayotiwa kwa bomba la sindano ndani ya bidoni pale ufukweni hufanya kazi hiyo ndani ya dakika 30. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba fedha haifai kutegemewa peke yake kutakasa maji ya kunywa.

Mahali fedha inaposaidia ni ndani ya kichujio cha udongo. Mwaka 1981 mkemia wa Guatemala, Fernando Mazariegos, alibuni chungu kinachofinyangwa kwa udongo uliochanganywa na unga wa mbao. Kikichomwa, unga huungua na kuacha vitundu vidogo sana, na ukuta hupakwa chembechembe za fedha. Vitundu huzuia bakteria wengi, fedha inawazuia wasizaliane ndani ya ukuta. Maji hupita lita moja au mbili kwa saa. Jirani zetu Uganda hufinyanga vichujio vya udongo kwa wingi, na sioni kwa nini udongo na mikono ya Kivu isifanye vivyo hivyo, mradi virusi visisahauliwe: hivyo ni vidogo, vingi hupenya, kwa hiyo palipo na mlipuko klorini bado inahitajika.

Kinyume chake ni vichupa vya "maji ya fedha" vinavyosifiwa mitandaoni kwamba hutibu kila ugonjwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitamka mwaka 1999 kwamba dawa hizo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazijathibitika kuwa salama wala kuponya. Fedha inayomezwa kwa muda mrefu hujikusanya ngozini, hushikana na salfa ya mwili, na mwanga wa jua huikoleza. Ngozi hugeuka ya kijivu yenye ubuluu, na kwa kawaida hairudi tena. Mgonjwa wa malaria anayekunywa maji hayo anapoteza siku ambazo dawa ya kweli ingemwokoa.

Katika dawa za kweli, fedha imo. Krimu ya salfadiazini ya fedha imepakwa kwenye majeraha ya moto tangu mwisho wa miaka ya 1960, ingawa kwa majeraha madogo madaktari wengi sasa huchagua bandeji nyingine, kwa kuwa krimu hiyo inaweza kuchelewesha ngozi mpya. Na tangu 2021 Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina kimiminika cha floridi ya diamini ya fedha kwa meno yaliyotoboka.

Hiyo ya meno ningependa ijulikane kwa wazazi wengi. Haihitaji kuchonga, haihitaji sindano wala umeme, na mtoto halii. Daktari wa meno hukausha jino, hupaka ufizi vaselini ili usiungue, kisha hugusa tundu kwa tone moja kwa dakika moja hivi. Fedha huua bakteria, floridi hukaza jino, na mara nyingi uozo husimama. Mahali palipooza panabaki peusi daima, na mzazi aambiwe hilo kabla, si baada. Vilevile asichanganye: madoa ya kahawia kwenye meno mazima ya watoto wa vijiji vya chini ya moshi wa Nyiragongo, wanaokunywa maji ya mvua, hutokana na floridi kuzidi, si uozo, na tiba hii haiwahusu. Kwa jino la utotoni lililotoboka, doa litadumu kadiri jino litakavyodumu. La mbele hung'oka lenyewe mtoto akifika miaka sita au saba, magego yakisubiri hadi kumi au kumi na mbili, na hadi wakati huo mara nyingi anatafuna bila maumivu.