Mkarafuu, Mpamba na Mizani



Katika mkutano uliopita tulikubaliana kwamba magunia ya chama yapate alama yake, na kila mwanachama aruhusiwe kuleta mchoro. Baadhi yenu mmetuuliza: alama njema ni ipi? Tumeona yafaa kueleza kwa mfano ambao kila mmoja wetu anao nyumbani bila ya kuutazama, nao ni nembo ya taifa. Chukueni noti au pasipoti, muitazame kwa jicho la mchoraji.

Mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya mlima Kilimanjaro, wameshika pembe za ndovu, na kati yao ipo ngao. Miguuni mwa mwanamume umeota mkarafuu, na miguuni mwa mwanamke umeota mpamba. Mkarafuu ni wetu. Mpamba ni wa wenzetu wa bara, hasa Wasukuma wa Shinyanga, Mwanza na Geita. Sehemu ya juu ya ngao ina rangi ya dhahabu, ishara ya madini, na hapo tena twarudi nchi ile ile: Geita kwenye dhahabu, na Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, alianzisha mgodi wa almasi mwaka 1940.

Anayejua mikarafuu atacheka kidogo. Mkarafuu wa kweli wataka ngazi na moyo, lakini huu wa kwenye nembo haumfikii mtu kiunoni. Mchoraji hakukosea. Angeuweka mti kwa kimo chake, watu wangekuwa sisimizi, na katika noti usingeonekana ila doa. Basi akaupunguza mti, akayakuza yale yanayoutambulisha. Na mpamba vile vile, kitumba cheupe ndicho kisemacho.

Sisi wa visiwani twalijua jambo hili zamani. Bendera ya Zanzibar iliyopandishwa tarehe 10 Desemba 1963, ikateremshwa kwa Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, ilikuwa nyekundu, yenye duara ya kijani katikati, na ndani yake karafuu mbili za rangi ya dhahabu. Mbili tu. Hapana shamba, hapana jamvi la kuanikia, hapana mchumaji, na bado hapana aliyeuliza ni kitu gani.

Lakini picha huficha pia, na hapa twaomba mtusikilize vizuri. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, stempu yake ya shilingi 10 ilikuwa na almasi na mgodi. Noti ya shilingi 5,000 iliyotoka mwaka 2011 ina kifaru upande mmoja, na upande wa pili mgodi wa dhahabu wa Geita. Ukiitazama noti hiyo waona mitambo na majengo. Mchimbaji mdogo mwenye sururu, ambaye naye huchimba dhahabu Geita, humwoni. Wala huioni mizani, nayo ndiyo iliyoleta maneno mengi kuliko jembe na shoka vilivyomo katika nembo.

Wenye umri wataelewa. Shinyanga na Geita zilipokuwa wilaya za Jimbo la Ziwa, wakulima wa pamba walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi iliwapunja. Mtu hulima, hupalilia, huchuma, hubeba mzigo kichwani mpaka dukani, kisha uzito wa mzigo wake huambiwa na mtu mwingine. Wakaanza kuweka waangalizi wao wenyewe penye mizani. Kutokana na hayo vikaota vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, likiongozwa na Paul Bomani, aliyekuja kuwa waziri. Shirikisho hilo halipo tena, ila shauri la mizani halikuzeeka. Mwezi Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu mjini Geita, ili wachimbaji wadogo nao wauze mahali panapojulikana, kwa mizani inayokaguliwa.

Baadhi yetu katika kamati twapendelea mizani iwemo katika alama yetu, pamoja na kikonyo chenye karafuu tatu au nne. Wengine wasema mizani ni alama ya duka, si ya shamba. Mkutano utaamua.

Jambo moja zaidi. Mwaka 2017 magazeti yalimwandika Mzee Francis Kanyasu Ngosha, mtu wa Usukuma, aliyekuwa akiishi kwa dhiki Buguruni, Dar es Salaam. Alieleza kwamba yeye ndiye aliyeichora nembo ya taifa. Alifariki Muhimbili mwezi Mei mwaka huo huo. Wapo na wengine waliotajwa kuwa wachoraji wake, na ubishi haukwisha. Nembo imo mfukoni mwa kila mtu, na jina la mkono ulioichora lina shaka.

Kwa hivyo michoro iletwe kwa katibu kabla ya mkutano ujao. Itumieni wino mweusi peke yake, maana rangi nyingi hazikai juu ya gunia, na mchoro usizidi upana wa kiganja. Nyuma ya karatasi kila mtu aandike jina lake kamili, kijiji chake na tarehe. Katibu ataviingiza katika daftari mbele ya mwenye mchoro.