Mtandao Usio na Mnara

Mto Rusizi unapotoka katika Ziwa Kivu ndipo unapoanza kuitenga Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande mmoja iko Kamembe pamoja na mji wa zamani wa Cyangugu. Ng'ambo iko Bukavu. Kusini zaidi, katika uwanda wa Bugarama, mipaka ya Rwanda, Kongo na Burundi inakutana. Askari wa doria anajua mpaka unapopita, lakini mawimbi ya redio hayajui. Neno linalosemwa katika simu ya upepo kilimani laweza kusikiwa na asiyekusudiwa ng'ambo ya mto, sawasawa na linavyosikiwa na aliyekusudiwa.

Wilaya ya Rusizi ni nchi ya milima, na mlima mmoja watosha kuyazuia mawimbi. Dawa iliyozoeleka ni kusimamisha mnara kileleni ili upokee habari na kuzipeleka mbele. Hata hivyo, mnara ni shabaha. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea iliupiga kwa mizinga mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani huko Dar es Salaam. Mwezi Juni 1915 majeshi ya Uingereza yalivuka Ziwa Viktoria kutoka Kisumu, yakaishambulia Bukoba na kuuangamiza mtambo wa huko. Wala si vita peke yake viwezavyo kuleta hasara hiyo. Tetemeko la ardhi la tarehe 3 Februari 2008, lililoua watu Rusizi, Nyamasheke na Bukavu, lilikumbusha kwamba maafa hayapigi hodi, na kwamba mnara au nyaya za umeme zaweza kuanguka saa ile ile waokoaji wanapozihitaji.

Kwa sababu hizo wataalamu walitafuta njia ya kuwasiliana bila kutegemea mnara. Tangu miaka ya 1970 Wamarekani walifanya majaribio ya redio zenye kupokezana habari zenyewe kwa zenyewe. Katika mtandao wa namna hiyo kila chombo ni sikio, ni kinywa, tena ni tarishi. Tuseme doria iliyo ukingoni mwa msitu wa Nyungwe haiwezi kuisikia Kamembe. Chombo chake humpa habari jirani aliye juu ya kilima, naye humpa wa pili, mpaka zifike. Jirani akihama, vyombo vyenyewe hutafuta njia nyingine.

Faida hiyo ina gharama yake. Katika mtandao wa kawaida kituo kikuu ndicho bawabu: kinawajua wenyeji, na mgeni hufungiwa nje. Katika mtandao usio na mnara hakuna bawabu mmoja, na kila chombo hulazimika kuwaamini majirani zake. Adui huweza kuingiza chombo kinachodai kwamba kinayo njia fupi kuliko zote. Habari zote hukimbilia kwake, naye akazimeza. Wataalamu wameuita udanganyifu huo shimo jeusi. Huweza pia kukifanya chombo kimoja kijitangaze kwa majina mengi, hata kikaonekana kuwa kundi zima. Huweza kuvuruga mawimbi kwa makelele, au kuvituma vyombo kazi za bure mpaka betri zikaisha.

Kuna hatari nyingine iliyo ya zamani. Mwezi Agosti 1914, kabla ya mapigano ya Tannenberg, makamanda wa Urusi walituma amri kwa redio bila kuzificha kwa mafumbo. Wajerumani wakazisikia, na jeshi zima la Kirusi likaangamizwa. Siku hizi maneno hufichwa kwa hesabu za kompyuta ambazo si rahisi kuzifumbua. Lakini fumbo huficha maneno tu, halifichi wimbi. Mwenye vyombo vya kupimia huweza kutambua mahali wimbi linakotoka, na kwa hiyo mahali askari alipo, japo hakuelewa hata neno moja.

Kinga zipo. Kila chombo kipewe kitambulisho kisichoweza kuigizwa, na funguo za mafumbo zibadilishwe mara kwa mara. Habari muhimu zipitishwe njia zaidi ya moja, ili shimo moja lisizimeze zote. Vyombo viwekwe vichunguzane, na kile kinachopokea habari bila kuzipeleka mbele kiondolewe. Naye askari aseme kwa ufupi, kisha anyamaze.

Hata hivyo, kinga zote hizo hushindwa mbele ya jambo moja, nalo ni chombo halali kilichoanguka mikononi mwa adui na funguo zake ndani. Chombo hicho hakibishi hodi, kwa maana tayari ni mwenyeji. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Askari aliyepoteza redio akanyamaza kwa kuogopa adhabu huwaweka wenzake wote hatarini. Aliyetoa taarifa mara moja huwapa nafasi ya kuufuta ufunguo kabla haujatumika. Kamanda naye, akiadhibu taarifa kuliko uzembe, hufundisha kikosi chake kuficha. Mtandao usio na mnara husimama juu ya uaminifu wa kila aliyemo, na uaminifu huo hujengwa kikosini kabla ya redio kuwashwa.