Lenzi pana inagoma kufokasi? Kagua haya kabla hujampa fundi hela

Leo tunaongelea kitu kinachokula oda kimya kimya: picha zenye ukungu. Mteja hawezi kuushika mzigo wako, anachokiona ni picha tu. Akishindwa kuona mshono wa gauni au maandishi kwenye chupa ya losheni, anapita kwa muuzaji mwingine na wala hakuambii.

Wengi wetu tunatumia lenzi pana kwa sababu chumba ni kidogo na tunataka meza nzima iingie. Sasa ikianza kuzingua, mtu anakimbilia kwa fundi au anaitangaza lenzi kwa bei ya kutupa. Subiri kwanza. Anza na vitu visivyo na gharama, kwa mpangilio huu.

1. Angalia swichi ya pembeni ya lenzi. Ikiwa kwenye MF, kamera haifokasi yenyewe mpaka uzungushe kwa mkono. Irudishe AF. Swichi hii inasogea kirahisi sana ukiwa unaitoa kamera kwenye begi.

2. Pima umbali. Kila lenzi ina mwisho wake wa kusogelea. Canon EF-S 18-55mm ya IS STM, kwa mfano, mwisho wake ni sentimita 25. Umbali huo haupimwi kutoka kwenye kioo cha mbele. Unapimwa kutoka kwenye alama ya duara lililokatwa na mstari, iko juu ya kamera. Ukisogea zaidi ya hapo, lenzi itaenda mbele na kurudi nyuma bila kushika. Rudi nyuma kidogo, halafu kata picha baadaye kwenye simu.

3. Chagua nukta moja ya fokasi. Hapa ndipo lenzi pana inapowachanganya watu. Bidhaa inaonekana ndogo ndani ya picha, na nyuma yake kuna pazia, ukuta, rafu. Ukiiachia kamera ijichagulie, inaweza kushika pazia lenye maua badala ya hereni unazouza. Weka nukta moja, ilenge juu ya bidhaa, bonyeza kitufe nusu, subiri ishike, kisha malizia kubonyeza. Kwa mzigo uliotulia mezani tumia One Shot kwa Canon, au AF-S kwa Nikon na Sony.

4. Ipe kamera kitu cha kushika. Otofokasi inatafuta mahali rangi au mwanga unapobadilika. Shati jeusi juu ya kitambaa cheusi halina hicho kitu. Lenga kifungo, lebo, mshono au ukingo wa kola. Na sogeza meza dirishani, maana kwenye giza hata lenzi ya bei mbaya inahangaika.

5. Tofautisha fokasi na mtikisiko. Kuza picha uangalie vizuri. Kama kuna sehemu iko safi, labda ukuta wa nyuma, basi fokasi imeangukia pasipo. Kama picha nzima imevutika kuelekea upande mmoja, huo ni mkono kutikisika. Panga vitabu uweke kamera juu yake, tumia saa ya kujipiga ya sekunde 2, upige tena.

6. Safisha miguso. Zima kamera, toa lenzi, angalia vile vidoti vya rangi ya dhahabu nyuma yake. Jasho na vumbi vikikaa hapo, kamera na lenzi hazielewani. Pangusa taratibu kwa kitambaa laini kikavu. Usiguse kitu chochote ndani ya kamera.

7. Jaribu rula. Ilaze rula kwa mshazari, lenga namba 15, weka namba ya f iliyo ndogo kuliko zote. Piga mara tano ukichungulia kwenye kitundu, halafu mara tano kwa skrini ya nyuma. Kama skrini inatoa 15 safi lakini kitundu kila mara kinatoa 17, lenzi na kamera zinahitaji kurekebishwa zioane. Wakati unasubiri hela ya fundi, piga kwa skrini, kazi iendelee. Kama zote mbili zinakosea, au lenzi inakwaruza na haizunguki, hapo sasa fundi ana kazi halali.

Kwa wanaonunua mtumba: kuna lenzi nzima kabisa ambayo haitafokasi kwenye kamera yako. Nikon D3100 na D3200 hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi za zamani zilizoandikwa AF peke yake utazungusha kwa mkono. AF-S inafanya kazi. AF-P, japo ni mpya zaidi, haioani na kamera hizo mbili. Nenda na kamera yako, piga hapo hapo dukani, ndipo utoe hela.

Na wa simu msijione mmepona. Ile 0.5 kwenye simu nyingi haina otofokasi kabisa, fokasi yake imegandishwa. Kwenye iPhone 11 na 12 iko hivyo. Iliyokuja na otofokasi kwenye lenzi hiyo ni iPhone 13 Pro, mwaka 2021. Kama simu yako ni ya kundi la kwanza, hata uguse skrini mara mia, pete ya karibu haitakaa safi. Tumia 1x, rudi nyuma hatua moja, kata picha.

Usiku huu chukua bidhaa moja inayokusumbua, pita namba 1 mpaka 7 bila kuruka. Ukifika 7 bado inagoma, mwelezee fundi ulichokiona kwenye rula. Fundi akijua umeshapima, hata bei mnaongea vizuri.