Habu si Ekstensheni: Nilivyofungua Laptopu Yangu Ibaba

Laptopu yangu ni ya mtumba, ndogo, ina matundu mawili tu ya USB. Niliinunua Tunduma kwa bumu la mwaka wa kwanza, na pale lilipoishia mama akajazia hela ya kahawa. Likizo iliyopita nilikuwa kwenye bodaboda napanda milima ya Ileje kwenda nyumbani Ibaba, na nilisahau kuchomoa modemu. Begi likajibamiza. Modemu ilipona ila tundu likavunjika. Nikabaki na tundu moja, na ripoti ya fildi ilitakiwa ifike chuoni kwa baruapepe ndani ya siku nne.

Mtasema, si ungenunua habu ya nje? Nilikuwa nayo. Lakini modemu ingening'inia nje vilevile, na barabara ni ileile. Nikaamua kuingiza habu na modemu ndani ya laptopu, nitumie waya za lile tundu lililovunjika.

Wazo langu la kwanza lilikuwa la kijinga: kwa nini nisigawe tu waya, modemu huku, kifaa kingine kule? Nikampigia fundi mmoja wa Tunduma. "Shikamoo kaka." Akacheka: "Marahaba. Sasa dogo, USB siyo ekstensheni!"

Ana haki. USB 2.0 ina waya nne: nyekundu ni umeme wa volti 5, nyeusi ni hasi, nyeupe na kijani ni za data. Umeme unagawika, data haigawiki hivyo. Kila kifaa kipya huanza na namba sifuri mpaka kompyuta ikipe namba yake. Ukiweka viwili kwenye waya zilezile, kompyuta ikiita sifuri vyote vinaitika kwa mpigo, na hakuna kinachoeleweka. Ndani ya habu kuna chipu inayofungua milango mmojammoja, kama mwenyekiti wa kikao anayempa kila mtu zamu ya kuongea.

Shida ya pili ni umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, na habu haiongezi hata moja, inagawa kilekile kilichopo. Modemu ikihangaika kutafuta mtandao dhaifu, kama kwetu milimani, inakula karibu zote. Ukichomeka na flashi, modemu inakata. Kwa hiyo umeme wa habu sikuuchukua kwenye tundu. Nilitafuta kwa testa sehemu nyingine ya mazabodi yenye volti 5, inayowaka laptopu ikiwaka na kuzima ikizima, nikapitisha kwenye fyuzi ndogo ya ampea 1. Waya nyekundu ya tundu la zamani sikuigusa, maana vyanzo viwili vya umeme vikikutana vinasukumana.

Kabla ya yote nilinakili ripoti kwenye flashi. Halafu nikatoa betri na chaja, nikavua habu ganda lake na kung'oa matundu yake makubwa ili iingie chini ya sehemu ya kuwekea viganja. Waya za data ziwe fupi, urefu sawa, zimesokotwa pamoja, kwa sababu zinapitisha hadi biti milioni 480 kwa sekunde. Ukikosea nyeupe na kijani, kifaa hakisomeki, unageuza tu. Ukikosea nyekundu na nyeusi, umeunguza.

Kosa langu lilikuwa kichomeo. Niliazima kwa fundi redio wa jirani, cha wati 60, ncha nene kama kidole. Nilikikalisha sekunde chache zaidi, kile kipande cha shaba cha waya ya kijani kikanyanyuka kwenye mazabodi. Kusema kweli nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe. Mama akauliza, "Imekufa?" Sikujibu.

Niliporudi nilifuata njia ya shaba kwa tochi ya simu mpaka inapoingia kwenye kifaa kidogo cha jirani, nikakwangua rangi kidogo, nikachomea hapo uzi mmoja mwembamba wa waya. Safari hii sekunde mbili tu. Nikapima kama kuna shoti, nikafunika kila kitu kwa tepu. Kwanza nikajaribu mausi ya bei rahisi, siyo flashi yenye ripoti. Ikawaka. Kisha modemu, ikawaka. Niliilaza pembeni kwenye plastiki, kwa sababu bati la ndani huziba mtandao.

Ripoti iliondoka usiku ule. Gharama zake nazo nizitaje: laptopu inapata joto zaidi, na nikitaka kubadili laini lazima nifungue skrubu tisa.

Basi mwanachuo mwenzangu, ukitaka kujaribu, azima testa kwanza na kichomeo chembamba, wati 30 zinatosha. Na kama kazi yako iko kwenye laptopu hiyo tu, bila nakala popote, acha skrubu zilivyo.