Buibui la Intaneti: Nani Ashikaye Amana?

Siku hizi kijana wa Machakos aweza kuketi kibarazani chini ya vilima vya Iveti, akaigusa simu yake mara moja, na kampuni iliyo ng'ambo ikamwona kama mtu aliyeko London. Hakupanda ndege wala hakukata pasipoti. Alilolibadili ni anwani yake ya intaneti, ile iitwayo anwani ya IP. Nilipopita mji huo nililisikia jambo hili likizungumzwa kama izungumzwavyo bei ya maembe, nikaona ni heri niwafafanulie wasomaji wetu wa pwani. Kwani Mombasa, Malindi na Lamu nako latumika vivyo hivyo, na aghalabu walitumialo hawajui wamemkabidhi nani siri zao.

Kila simu au kompyuta iingiapo katika intaneti hutambulikana kwa nambari. Nambari hiyo haitaji jina la mwenyewe, lakini yamwonyesha nchi aliyomo na kampuni ya simu inayomhudumia. Bila ya anwani jibu halirudi, kama ambavyo barua isiyo na anwani haifiki.

Na mfano wa barua ndio ulio bora kwetu. Zamani mtu asiye na sanduku la posta aliandikiwa kwa sanduku la shule au la duka. Aliyemwandikia aliijua anwani ya duka tu; nyumba ya mlengwa hakuijua. Kazi ya mwenye duka huyo ndiyo kazi ya proksi: hupokea haja yako, akaipeleka kwa anwani yake, kisha akakurudishia jibu. VPN yazidi hapo. Hiyo huitia barua yako ndani ya bahasha ya pili na kuipiga lakiri, hata kampuni ya simu isiweze kuisoma njiani, ikafunguliwe kwenye seva iliyoko nchi nyingine. Kwa hiyo mimi naiita buibui la intaneti: umo njiani, wapita, ila wapita nyuso zisikujue.

Sasa mtu wa Machakos ana haja gani na buibui hilo? Haja zake si moja. Mwezi Novemba 2024, wakati wa mitihani ya kidato cha nne, kampuni za simu nchini Kenya ziliamriwa ziuzuie mtandao wa Telegram ili kukomesha uuzaji wa karatasi za mitihani. Mfanyabiashara asiye na mtihani wala mtahini naye akafungiwa wateja wake, akakimbilia VPN.

Haja ya pili ni kazi. Mwezi Machi 2024 kampuni ya Remotasks, iliyokuwa ikiwapa Wakenya wengi vibarua vya kutia alama picha na maneno ya kufundishia akili bandia, iliifungia Kenya mlango. Kazi yenyewe haikwisha duniani, ila Kenya ilitolewa orodhani. Wengine wakaanza kukodi akaunti za watu wa nchi nyingine, na VPN ikawa ndiyo ya kuwaonyesha wako huko.

Haja ya tatu yawagusa mama zetu. Binti wa Ukambani, kama binti wa Kilifi, huenda Dubai kufanya kazi za nyumbani. Huko Falme za Kiarabu simu za sauti za WhatsApp zimezuiwa. Mama kijijini angoja sauti ya mwanawe, na binti ashawishika kuvaa buibui ili ampigie.

Ama hapa, msomaji wangu, ndipo penye kiini cha maneno yangu. Watu hudhani kwamba mwenye VPN haonekani. Sivyo. Jicho limehama tu. Uliyemficha ni kampuni ya simu. Uliyemfunulia ni mwenye ile seva, naye aweza kujua ni tovuti zipi unazozizuru na saa ngapi. Sisi tuliokaa mkekani mbele ya mwalimu, neno amana tulilijua tungali watoto: huweki mali yako kwa mtu ila umjue ni nani. Leo mtu haweki shilingi mia kwa mgeni, lakini humpa asiyemjua njia yake yote ya intaneti kwa sababu programu ni ya bure!

Tazama yaliyotokea. Facebook iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013. Programu yake ya VPN iliahidi kuwahifadhi watu, kumbe ilikuwa ikikusanya habari za programu wanazozitumia. Ilifungwa mwaka 2019, na mwaka 2023 mahkama ya Australia ilizitoza kampuni mbili za Facebook jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapoteza wateja.

La pili ni baya zaidi. Mwezi Mei 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kuuvunja mtandao ulioitwa 911 S5, uliokuwa umezinasa anwani zaidi ya milioni 19 duniani. Wengi wa walionaswa walipakua VPN za bure kama MaskVPN na DewVPN, na pasi na wao kujua, wezi wakauziwa ruhusa ya kupita kwa anwani zao. Yaani waliotaka kujificha ndio waliovuliwa buibui, likavaliwa na mwizi.

Sheria nazo hazifanani. Kenya haijaipiga VPN marufuku. Tanzania, mwezi Oktoba 2023, mamlaka ya mawasiliano iliwataka wanaoitumia wajiandikishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, na kanuni za 2020 zina adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili, kwa mwenye kufungua njia ya yaliyokatazwa. Falme za Kiarabu, sheria ya 2021 yamtoza dirhamu 500,000 hadi milioni 2 anayeibadili anwani yake ili atende kosa au alifiche. Kwa hiyo binti wa Dubai na azitumie programu zilizoruhusiwa huko, hata kama ni za kulipia, kuliko kumpigia mama simu moja iliyo na hatari ya mshahara wa miaka.

Tena VPN si hirizi. Njia moja ikizibwa, yaweza kukuzungusha. Barabara zote zikikatwa, kama Tanzania katika uchaguzi wa Oktoba 2025, huna pa kupita.

Baki ni suala la nia. Anayejisitiri asiibiwe nambari ya siri katika intaneti ya hotelini hana lawama. Lakini anayekodi jina la mtu ili aajiriwe, huyo kavuka sitara kaingia katika ghushi. Naijua dhiki yake, na kampuni inayoifunga nchi nzima kwa makosa ya wachache nayo ina dhulma. Hata hivyo siku akaunti ile ikifungwa, jasho lake la mwezi hupotea, na hana pa kushtakia, kwa kuwa aliyefanya kazi kwa mujibu wa karatasi si yeye.

Basi anayetaka buibui na alinunue kwa mwenye jina na anwani, asome masharti yake, na aijue sheria ya nchi aliyomo. Nami namwachia ubeti huu:

Ukivaa buibui, usifiche la haramu,
Kuficha hakuokoi, kilichojaa dhulumu,
Mlango huufungui, kwa usiyemfahamu,
Amana haipotei, ikishikwa na karimu.